Mkono wa Kulia wa Bibi

Mama yangu hupenda kunitania kwamba mshika mawili moja humponyoka, sembuse mimi niliyeshika matatu: uuguzi wa wagonjwa mahututi hapa Ibra, Omani, kufundisha wauguzi wanafunzi, na utafiti ambao kila mara hunipeleka Nizwa. Humjibu kwamba bado hakijaniponyoka hata kimoja. Kwa Bibi mmoja mgonjwa kidogo kiniponyoke kikubwa kuliko vyote, roho ya mtu.

Alikuwa mkaazi wa mji wa Samad, mzaliwa wa Unguja, kalazwa na mpira wa kupumulia kooni. Utafiti wangu ulihusu wagonjwa kama yeye, tunaowafunga mikono kitandani wasije wakaung'oa mpira. Yeye aliwahi kuukamata, ukateleza kidogo. Daktari alituambia waziwazi kwamba koo limevimba. Mpira ukitoka, huenda asiweze kuurudisha. Mikono ikafungwa kwa vitambaa kwenye vyuma vya kitanda. Kila alipohangaika aliongezewa dawa ya usingizi, na kila alipolala mapafu yalizidi kuwa mavivu. Kwa mwendo ule asingetoka kwenye mashine akiwa hai.

Mwanawe, mtu mzima mwenye duka mjini Mudhaibi, alinisimamisha mlangoni. "Dada, wallahi mama yangu hajapatapo kuwa mkorofi. Huyu si yeye."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Siku iliyofuata nikakaa na mwanafunzi wangu kando ya kitanda asubuhi nzima. Nilimwambia aiache mashine, atazame mkono. Tulipomgeuza sisi wanawake, mkono ulitulia. Mfagiaji alipopita na ndoo yake, kitambaa kikavutika. Daktari na wenzake walipokuja kumpima, kikavutika tena, kwa nguvu, kuelekea juu. Wote walikuwa wanaume.

Nikamtazama Bibi usoni. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi juu ya mto. Mtandio ulivuliwa siku aliyoingia, kupisha mpira na sindano ya shingoni, na hakuna aliyekumbuka kumfunika tena.

"Namfungua," nikamwambia mwanafunzi.

"Ustadha, na hii mpira ikitoka? Mas'uliya, dhamana yote, iko juu yako."

Nilijua iko juu ya nani. Daktari alikubali shingo upande, akasimama penye pazia na vifaa vyake tayari. Nikalegeza fundo la mkono wa kulia. Kiganja changu nikakiweka hewani karibu na mdomo wa Bibi, bila ya kumgusa. Niliogopa, na sioni haya kusema. Mkono ukanyanyuka. Ukafika kidevuni. Ukafika penye mpira, na pale ukasita. Mwanafunzi alinishika bega. Kisha vidole vikaupita mpira, vikapita shavu, vikaenda kutua kwenye nywele, vikawa vinapapasa huku na huku.

Nikachukua foronya safi kabatini, nikamtanda kichwani. Akaikamata ncha, akaivuta mpaka kwenye paji la uso. Mkono ukashuka, ukalala kifuani. Daktari alikusanya vifaa vyake akaondoka, na siku ile hakuna aliyeagiza dawa ya usingizi.

"Kwenye utafiti tunamwandika vipi?" mwanafunzi akauliza.

"Mwandike alikuwa anatafuta mtandio wake."

Mapafu yaliamka pole pole, na uvimbe wa koo ukapungua. Siku mpira ulipotolewa nilikuwa wa kwanza kumwinamia. Mtandio wake mwenyewe ulikuwa kichwani, kaletewa na mwanawe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikwaruza. Akakusanya pumzi, akanishika mkono, akanivuta karibu ili mwanawe asisikie.

"Nilidhani nishakufa," akasema, "na wanaonikosha ni wanaume."