Shati Lililofuliwa Kabla ya Alasiri

Mie nimesoma chuo cha Kurani tu, na Kiingereza changu ni cha kufagia hospitali miaka mingi hapa Landani, lakini siku ile mahakamani nilielewa kila kitu. Bora nisingeelewa.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alishtakiwa kumchoma mtu kisu kwenye ugomvi mlangoni mwa kinyozi. Yeye akisema hakuchoma, alimdaka tu yule mtu alipokuwa anaanguka. Alirudi nyumbani shati limerowa damu. Akalivua, akalifua kwa mkono kwenye sinki mpaka maji yakatoka meupe, akalianika balkoni, akasali alasiri. Damu ni najisi, atasali nayo vipi? Polisi walipokuja walilikuta bado linadondoka maji.

Basi wakili wa serikali akataka juri, wale watu kumi na wawili wanaoamua, waambiwe habari ya shati. Eti asiye na kosa hafuti damu. Wakili wetu akapinga. Juri wakatolewa nje mpaka jaji akate shauri, sisi wasikilizaji tukaachwa kwenye viti vyetu vya juu. Nikaona ajabu: mie muosha vyoo nasikia, wanaoamua hawasikii.

"Wakishaambiwa shati," wakili wetu akasema, "hawatasikia kitu kingine tena."

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, Mungu amjaalie jaji akatae."

"Amina," nikasema, lakini moyo haukuitikia.

Maana mie nimeona kuficha kwa namna mbili. Baada ya Mapinduzi kule kwetu visiwani, baba yangu alichoma picha zake zote jikoni, hata ya harusi, kwa sababu kwenye moja alisimama karibu na mtu ambaye siku zile haikufaa kusimama naye. Hakuwa na kosa hata la kuiba kuku. Na nikisema kuku, tulikuwa na jirani, kila kuku akipotea mtaani, kwake hunuka manyoya yanayoungua. Akiulizwa husema uji umeungua, na bibi yangu akisema, "Leo jirani anapika uji tena." Huyo naye alikuwa anaficha, na kuku yumo tumboni. Moshi ni ule ule. Sasa mtu asiyeambiwa habari ya moshi atajuaje upi ni upi? Mie ningekuwa juri ningetaka kusikia. Binti yangu sikumwambia.

Jaji akaruhusu. Juri wakarudi, wakasikia, na mama mmoja kati yao akawa anamtazama mkwe wangu mikono.

"Kwa nini ulifua?" wakili wa serikali akamuuliza.

"Wakati wa sala ulikuwa umefika."

"Na wa kumpigia polisi simu haukufika?"

Wakili wetu akasimama kuuliza kama anayeficha huanika balkoni, mtaa mzima ukiona. Nikaona mmoja wa juri anatikisa kichwa kukubali.

Mwisho wakamwachia. Tukapanda basi, tumechoka, hakuna aliyefurahi kwa sauti. Karibu na nyumbani binti yangu akasema polepole, "Lakini kweli, hukuweza kupiga simu kwanza?"

"Hata wewe?" mumewe akamjibu. Basi.

Baadaye polisi wakalirudisha shati ndani ya mfuko. Akaliweka mezani, tukalitazama.

"Litupe, mwanangu," nikamwambia.

"Nikilitupa, mama, mtasema nini?"

Lipo mpaka leo juu ya kabati, safi, halivaliwi.