Marudio ya Mwaka wa Kumi na Mbili
Mara ya kwanza mwalimu wa kemia alipoingia karakana ya sabuni, aliomba kostiki kidogo, ile magadi makali ya kupikia sabuni, ya kuonyeshea wanafunzi.

"Cha bure hapa ni hewa," mwenye karakana alimjibu. "Sabuni yangu inababua mikono ya wateja. Niambie kwa nini, utapata kostiki yako."

Mwalimu alilowesha kipande cha sabuni, akakigusa kwa karatasi ya kupimia ukali. Karatasi ikawa zambarau.

"Ingekuwa buluu ningenyamaza. Kostiki imezidi, mama."

Mama akamwangalia kama mtu aangaliavyo mzani usiodanganya. Huyu alimtaka awe mchanganyaji wake. Naye mwalimu alitaka kutoka shuleni jana, si leo: mwaka wa kumi na mbili wa marudio yale yale, yabisi, kimiminika, gesi, katika chumba ambacho madirisha yake yalipigwa misumari. Lakini, alimweleza mama, mkuu wa shule alikuwa amemwambia wazi: anayefaulisha haachiliwi.

"Basi wafelishe," mama alisema. "Wiki moja tu ya marudio ya ovyo. Mtihani ukiharibika, mkuu mwenyewe atakufungulia mlango."

Wakakubaliana.

Jumatano mama alipeleka kostiki shuleni mwenyewe, akasimama mlangoni eti aone bidhaa yake inavyotumika. Mwalimu alikoroga chumvi kwenye glasi ya maji.

"Andikeni. Maji ya chumvi ni msombo."

Kalamu zikakwaruza. Binti wa dawati la mbele hakuandika. Akasimama.

"Mwalimu, samahani. Si ulisema msombo ni elementi zilizoungana hata huwezi kuzitenga kwa kuchemsha? Hii tukiichemsha, maji yanaondoka, chumvi inabaki."

"Kaa chini wewe, profesa!" sauti ya nyuma ikamtania. Darasa likacheka.

Mama alimkazia macho mwalimu: mwache akae, jamani, mwache akae! Mwalimu aligeuza chaki vidoleni. Akaangalia madirisha. Kisha akaufuta ubao kwa kiganja.

"Futeni. Nimekosea. Ni mchanganyiko."

Na kana kwamba analipia kosa lile, alifundisha siku zile mbili zilizobaki vizuri kuliko alivyowahi kufundisha. Darasa zima likafaulu. Mkuu akampa barua: ameteuliwa mkuu wa somo, kwa miaka mitano mingine.

"Umefunga mlango, ufunguo umeumeza," mama alimwambia karakanani.

"Alikuwa sahihi yule binti, mama. Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu?"

Mwalimu alichukua chaki, akamwandikia ukutani vipimo sahihi vya mafuta, maji na kostiki. Tangu siku hiyo sabuni haikumbabua mtu, na mama akaacha kutafuta mchanganyaji, ukuta ulimtosha. Mwalimu aliondoka na kopo la kostiki. Jumatatu aliingia chumba kile kile, akaandika ubaoni swali la kwanza la marudio: Maada ni nini?