Daraja Lililokataliwa na Posta

Jamaa mwenye tai alikuja kibandani kwangu kuazima daraja.

Sitanii. Daraja zima. Nilikuwa nalo kwenye albamu, dogo kuliko kiberiti.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika, mezeni tu.

Marehemu mke wangu alikuwa mfagizi wa posta. Alikuwa ananiletea bahasha zilizotupwa, tunaziloweka kwenye beseni la maji vuguvugu mpaka stempu zinabanduka zenyewe. Alitaka zenye madaraja tu.

"Maua ninayo, marais nimewachoka," alikuwa anasema. "Daraja angalau linamvusha mtu."

Basi wakubwa wakatangaza daraja la mto wetu. Zege la nguzo halijakauka, stempu ikatoka! Matao manne, taa, magari yanapita.

Mke wangu akanunua moja, mpya kabisa.

Mradi ukafa, wakubwa wakanenepa. Watu wakaanza kuicheka ile stempu, posta ikaamriwa iiondoe.

Mwaka uliofuata akashikwa na tumbo. Hospitali iko ng'ambo, unaiona kwa macho yako. Tukazunguka kwa barabara muda wa saa tano.

Mimi nilifika. Yeye alikuwa keshaondoka.

Sasa huyu wa tai, msaidizi wa mkuu wa barabara, anaishika albamu kwa vidole vitupu.

"Toa mkono! Stempu hushikwa kwa kibanio."

"Mzee wangu, Alhamisi wakaguzi wanakuja. Wanataka picha ya daraja likiwa limekamilika. Sisi hatuna, tutaikuza hii ya stempu yako."

"Kapigeni mtoni."

"Mzee, usinichekeshe."

"Nani anacheka hapa?"

Akabadilika sura. "Hiki kibanda kiko kwenye eneo la barabara, unajua?"

"Barabara ipi? Ile inayofika kwenye stempu?"

Akaondoka bila kuaga.

Nikafanya kitu ambacho mtu wa stempu hafanyi hata kwa bunduki. Nikailamba ile stempu mpya ya mke wangu.

Nikaibandika kwenye bahasha. Ndani nikawaandikia wakaguzi: "Daraja mnalolitafuta liko juu ya bahasha hii. Mkiweza, livukeni." Nikaitumbukiza posta.

Jumatano bahasha ikarudi. Imegongwa mhuri mwekundu: STEMPU BATILI. HAITAMBULIWI.

Nilitukana mpaka jirani akafunga dirisha.

Kisha nikausoma tena ule mhuri, polepole, herufi kwa herufi.

Loo! Kumbe serikali yenyewe imelikana daraja lake, kwa wino!

Alhamisi nikaenda ofisi ya barabara kwa miguu yangu. Mlinzi akanizuia mlangoni.

"Mzee, una miadi?"

"Nina barua ya serikali." Akaona mhuri, akapisha.

Ndani, mkuu wa barabara alikuwa anawaonyesha wakaguzi mchoro ukutani. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, akaipokea bahasha yangu.

"Msimjali," mkuu akasema. "Huyu alifiwa na mkewe, akili zimeruka."

"Nilifiwa, ndiyo. Kwa sababu yako."

Yule mama akautazama mhuri, akamtazama mkuu.

"Tupeleke mtoni. Sasa hivi."

Mtoni tulikuta nguzo mbili. Katikati yake kuna kamba, watu wameanika nguo.

"Bahasha hii naichukua," mama akasema. "Ni ushahidi."

"Andika kwanza kwamba umeichukua, mama. Saini na tarehe."

Akaniangalia sana. Akaandika.

Mnadhani mkuu alifungwa? Thubutu! Amehamishwa tu, kwa cheo kilekile. Na kibanda changu walikivunja wiki iliyofuata.

Sasa nashona viatu chini ya mwavuli, mbele ya geti la ofisi yao. Kila asubuhi wananiruka wakiingia kazini, na mimi, ile karatasi yenye saini ya mama ikiwa mfukoni, nawasalimia kwa sauti.

Ndugu zangu, wakubwa hawaogopi machozi yako. Wanaogopa karatasi yao wenyewe ikiwa mkononi mwako. Ukiipata, usiwaazime.