Marehemu wa Sori walivyoingia kwenye ripoti ya tangazo la mafuta ya kupika

Wakuu, salamu kutoka Sori. Huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, mkidanganyana kuhusu wanawake na magari. Leo nawapa ya kweli, niliyoyaona nikiwa nimekaa kwa kiti yangu mwenyewe. Majina ya watu nitataja. Ya kampuni sitataja, mjukuu amekataza.

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa, nyamazeni.

Mjukuu wangu Achieng' anafanya kazi Nairobi, kwa kampuni ya kupima matangazo. Tangazo likienda redioni, wao wanatuma vijana kuuliza watu: ulilisikia? Unalikumbuka? Lilikufanya ununue? Majibu yanarudi, Achieng' anayahesabu kwa laptop na kuandika ripoti.

Ndio kazi. Na mtu analipwa.

Alikuwa kwa majaribio. Ripoti ya kwanza ya kubeba jina lake ilikuwa ya tangazo la mafuta ya kupika, na boss wake Mutiso alimwambia wazi: client akiikubali, unapata contract. Akiikataa, rudi kwenu. Akaja kuiandikia kwangu, ati Nairobi kuna kelele. Alisahau kuku wangu.

Vijana walikuwa wameuliza watu Awendo, Homa Bay na huku kwetu ziwani. Hata mimi niliulizwa. Aliyenihoji ni Kevin, mtoto wa Rose Adhiambo wa Awendo. Ana adabu, lakini chai anakunywa kama mtu aliyetoka jela.

Siku moja Achieng' akapiga meza.

"Dani, nimepata!" Dani ndio nyanya kwa Kijaluo.

"Umepata nini?"

"Upande wa ziwa, wanawake wengi wamesema bwana ndiye anaamua mafuta ya kununua. Mutiso amefurahi. Anasema tangazo lihamie wakati wa mpira, wanaume walisikie."

Nilicheka mpaka nikashika meno. Mwanaume wa Sori na mafuta ya kupika! Huyo anajua samaki imekaangwa. Imekaangwa na nini, hiyo si kazi yake.

"Usicheke, Dani. Data imesema."

"Data ilimuuliza nani? Peres Akoth?"

"Majina ni siri ya utafiti."

"Siri gani, na nilimwona Kevin akiingia kwake? Bwana ya Peres ni Okumu. Okumu tulimzika kando ya nyumba, na siku hiyo wewe ulikula wali mara mbili."



Wacha nieleze wale si wa huku. Kwetu mwanamke akifiwa, bado ni mke wa yule yule. Kaburi liko bomani, unalipita ukienda kuchota maji. Kevin anauliza, umeolewa? Unasema ndiyo, kwani nani aliniacha? Kisha anauliza nani anaamua vitu vya jikoni: wewe, bwana, au mtu mwingine? Sasa useme "ni mimi", na jirani amesimama mlangoni? Watasema ulifurahia msiba. Unasema bwana, unamwongeza Kevin chai, yanaisha.

Mimi mwenyewe nilisema ni Odhiambo wangu.

"Lakini kwa ukweli, Dani, nani anaamua?"

"Odhiambo."

"Dani! Babu alikufa!"

"Najua, nililia. Lakini mafuta ninayonunua ni yale aliyozoea. Nikijaribu mengine, namsikia akinung'unika. Sasa hapo nani ameamua?"

Akaandika kitu. Mpaka leo sijui ni nini.

Halafu akafanya kazi yake. Kumbe kwa maswali ya Kevin kulikuwa na lingine: wanaume watu wazima wangapi wanalala hapa nyumbani? Akachukua wale waliosema bwana anaamua, akawapanga na hilo swali. Wuololo! Wengi, wanaume sifuri. Na si wote wamekufa. Wengine wako kisiwani Takawiri kwa samaki, wengine wamefuata miwa Awendo na kurudi wamesahau. Akaomba ofisi iwapigie hao wanawake simu tena. Ikawa ni hivyo.

Mimi nikavimba kichwa. Nikamwapia Achieng' kwamba mjane yeyote wa hapa alijibu kama mimi. Nikaenda kujigamba kwa jirani yangu Dorina Awino, mjane wa Otieno.

"Ulisema Otieno, si ndiyo?"

"Otieno gani? Nilisema ni mimi. Otieno akifufuka, aende dukani mwenyewe."

Nikarudi nyumbani. Achieng' alinicheka sana, maana wajane wa aina ya Dorina walikuwa tayari kwa hesabu yake.

Kicheko kiliisha Mutiso alipopiga simu.

"Achieng', client amelipia matangazo, si makaburi. Slides ziko tayari. Acha hivyo."

"Na wakimwaga pesa kwa mpira, na bwana mwenyewe hayuko?"

"Hiyo ni shida yao. Wewe unataka contract ama hutaki?"

Jioni hakula. Mimi nikamwambia, "Mama, andika vile anataka. Contract kwanza. Wafu hawatakushtaki."

Akaniangalia vibaya. "Jina kwa hiyo ripoti ni langu, Dani, si la Mutiso."

Presentation ilifanyika kwa video, hapo sebuleni kwangu. Niliambiwa nikae mbali na nisikohoe. Achieng' akaonyesha waliosema bwana. Kisha akaonyesha ni nyumba ngapi kati ya hizo zina bwana.



Mzee mmoja wa client akasema, "Kwa hivyo tutangaze wapi, makaburini?"

Wakacheka. Mutiso alicheka kuliko wote. Mimi nikaanza kupanga Achieng' atalala chumba gani akirudi moja kwa moja.

Kisha mama mmoja wa client, Wambui, akasema, "Ngojeni. Mamangu ni mjane. Angejibu hivyo hivyo." Akauliza, "Hawa wanawake wanasikiliza redio saa ngapi?"

Achieng' alikuwa na jedwali la hilo pia. Hapo hakuna aliyecheka tena. Mpira ukafa, tangazo likahamia asubuhi.

Contract ilikuja. Mutiso aliweka sharti moja tu: neno "marehemu" litoke kwa ripoti. Wakaandika "mume asiyeishi nyumbani".

Asiyeishi nyumbani! Odhiambo hajatoka hapa nyumbani hata siku moja tangu tumzike.

Funzo ni hili: nyinyi mnaohesabu majibu ya watu, jibu likikupendeza sana, litafutie swali lingine la kulibana kabla hujampelekea mwenye pesa.

Haya, wanawake wa humu, Kevin akibisha kwako leo utamjibu nini? Na mwanaume aliye hai akitaka kuchangia, aanze kwa kututajia mafuta yaliyo jikoni kwake sasa hivi. Bila kumuuliza mama watoto.