Vidole vya Korongo

Kila asubuhi, kabla ya kushika panga, shangazi yangu Jelagat alisimama ukingoni mwa ziwa la Naivasha akitazama miguu ya korongo. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kukata mafunjo ya kuezekea zizi la ndama wa mzungu mwenye shamba. Yeye hakuingia majini mpaka amuone ndege.

"Korongo na mafunjo wanafanana," aliniambia. "Mguu mwembamba, kichwa juu, kama watu wanaojiona. Lakini mafunjo husimama hata pasipo udongo. Ukiona maji yamemfika korongo magotini, chini ni pagumu. Ukiona vidole vyake, amekanyaga mafunjo yanayoelea. Hapo usiende."

Mwaka wa 1957 mzungu alinunua injini ya pampu. Nyapara Kemboi akaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wanane, aipitishe kwenye mafunjo mpaka maji ya wazi.

"Si mnaona korongo amesimama pale katikati?" akasema. "Ni pagumu. Twende!"

Shangazi akasimama mbele ya ng'ombe wa kwanza. "Vidole vyake vyote vinaonekana, nyapara. Utazamisha ng'ombe."

"Wewe mama, ulisoma shule ya ndege?"

"Nilisoma. Wewe sikukuona darasani."

Watu wakacheka. Kemboi hakucheka. "Toka hapo, ama leo kazi yako imeisha."

Nilishtuka, maana hata kibanda alicholala kilikuwa cha kazi. Shangazi alichukua ufito mrefu, akapiga hatua chache juu ya mafunjo, yote yakacheza kama godoro. Akaudidimiza ufito kati ya mashina. Ukaingia wote, mpaka mkono wake ukalowa begani.

Mzungu, juu ya farasi wake, alisema neno moja tu: "Rudisha."

Jioni, kwenye mstari wa posho, Kemboi akamsimamisha mbele yetu. "Jelagat, umeniaibisha kwa bwana. Omba msamaha hapa, ndio upate unga."

Shangazi alimtazama miguuni, polepole, vile alivyomtazama korongo kila siku.

"Nyapara," akasema, "nimeona vidole vyako."

Mstari mzima ulilipuka kwa kicheko, na mimi ambaye huwa sicheki mbele za watu nilicheka mpaka machozi. Shangazi alichomeka panga ardhini, kwa sababu lilikuwa la shamba, akajifunga blanketi lake, akashika barabara ya Gilgil, kichwa juu. Hakurudi.