Mchicha wa Mchangani Siku ya Hitima

Chekeni tu, mimi siku ile sikucheka, maana aibu niliyoipata mbele ya nusu ya Kivinje ingekuwa nguo ningejifunika gubigubi na nyingine ningeiburura.

Ilikuwa baada ya vita vya Maji Maji, mashamba ya bara yamechomwa na askari wa Mdachi, mboga hakuna, na ua wetu ni mawe matupu, basi mimi bibi harusi wa juzijuzi (na ujuaji wangu) nikachukua mtumbwi mdogo uliopasuka, nikauweka juu ya mawe mawili, nikaujaza mchanga wa pwani, nikauosha kwa maji ya kisima hadi chumvi ikaisha, nikapanda mchicha.

Mama mkwe wangu, Bi Nuru, akaniambia, "Mwanangu, mchanga hauna chakula, utaotesha nini?"

Nikasema kama hauna chakula nitaulisha: nikaloweka matumbo ya samaki mtungini, nikawa namimina maji yake, na mchicha ukachipua kweli!

Sasa asubuhi ya hitima ya marehemu baba mkwe niliuona umenyong'onyea, nikasema ngoja niupe kikombe kimoja kabla wageni hawajafika, kikombe kikawa mtungi mzima, na jua lilipopanda, jamani, ile harufu! Mwalimu wa Kurani yuko pale uani katikati ya dua, watu wameinua mikono, paka akaruka ukuta, na mwingine, mara mapaka ya mtaa mzima yamo mtumbwini yanafukua na kupigana, nami nikakurupuka na ufagio, nikateleza, nikaupindua mtumbwi, mchanga wote ukamwagikia jamvini na kwenye kanzu ya mwalimu.

Bi Nuru akanitazama. "Zuhura, mwanangu, tumekukosea nini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu akaokota mche mapajani mwake, akaukung'uta. Mizizi myeupe, mirefu.

"Huu umeota kwenye mchanga mtupu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi nipe na mimi, mama. Kwangu wanashindia ming'oko, hivyo viazi vya porini."

Hapo ndipo wanawake walipopasua kicheko, wakapiga magoti kuokota miche, na kila mmoja akaondoka na kifuu cha mchanga wangu unaonuka, Bi Nuru mwenyewe akigawa.

Njaa haikuisha, siwadanganyi, ila kabla ya mvua nyua kadhaa za Kivinje zilikuwa na kijani, na Bi Nuru akiulizwa anajibu, "Kaanzisha mkwe wangu." Lakini mimi nimeapa: nyumbani kukiwa na wageni, mchicha na unyauke.