Mtoto wa Moma

Hulda wa Kulesa hakuwa daktari wala mganga, lakini nyoka akiuawa kijijini hafukiwi mpaka yeye amtazame. Miaka thelathini ya kulima kando ya Tana ilimfunza: huyu swila, huyu moma, huyu anakula panya tu, mwacheni. Watu walimsifu, naye sifa zikamkolea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na la Hulda lilitiwa maji mwaka wa mafuriko.

Mto ulipomeza mashamba, watu walihamia juu, kwenye nyika kavu yenye nyoka wasiowajua. Asubuhi moja wifi yake Everline, mke wa kaka yake Danson, alivuta ukuni akaumwa kifundoni. Nyoka alijikunja akisugua magamba yake, yakatoa sauti ya mafuta kikaangoni. Hulda alimponda kwa jembe, kisha akampima kwa jicho. Hakuzidi urefu wa kiganja hadi kiwiko.

"Mtoto wa moma, wifi. Sumu yake bado changa," akasema, akambandika jiwe jeusi la nyoka ili linyonye sumu.

Halima, mama wa Kiorma aliyekuwa akipitisha maziwa, aliinama akatazama. "Hii si toto. Hii iko mkubwa tayari. Moma inalia na pumzi, hii inalia na ngozi. Peleka mama hospitali sasa."

"Wewe kaangalie ng'ombe zako," Hulda akamjibu. Ndiyo, alimwambia hivyo, mbele za watu.

Mguu haukuvimba sana, Hulda akazidi kujiamini. Alasiri Everline alitema mate, yakawa mekundu. Mkwaruzo wa mwiba uliokauka tangu juzi ukaanza kuvuja upya. Hapo Hulda aliingiwa na hofu ya kweli, akaita bodaboda wakakimbilia hospitali.

Daktari alitia damu kidogo kwenye chupa ya kioo, akangoja dakika ishirini, akaiinamisha. Ilitiririka kama maji, haikuganda hata kidogo.

"Mbona mmechelewa?" akauliza.

Hulda alifungua mdomo. Everline akamtangulia, meno yamejaa damu. "Ni mimi, daktari. Wifi aliniambia tuje, nikakataa."

Dawa alipewa, ila damu ilikuwa imeshavujia ndani. Alizikwa siku ya tatu.

Kaburini Danson, aliyekuwa amesimuliwa maneno ya mkewe kwa daktari, alimshika dada yake mkono. "Laiti angekusikiliza, dada. Wewe nyoka unawajua."

Halima alikuwa amesimama nyuma yao, macho yake kwa Hulda. Mpaka leo Hulda hajamwambia kaka yake ukweli.